Zamu ya Maji

Swali la nne kwenye fomu yangu lina kisanduku:
tarehe ya hedhi ya mwisho. Siku, mwezi, mwaka.
Nilikipima mwenyewe kwa rula, nikaridhika.
Aikande wa Mbokomu akakitazama
kama mtu aliyetengewa sahani tupu.
"Tarehe sina, daktari. Ila mfongo ulikuwa wetu usiku ule.
Nimeshika jembe, maji ndiyo kwanza yanagusa migomba,
mgeni akabisha hodi."

Nikaandika: hajui.

Mimi ni mtu wa hesabu. Katika chumba cha giza
navihesabu vifuko vya mayai kwenye skrini,
vitundu vyeusi kama vya mkate uliozidi hamira:
kulia vinne, kushoto vitatu,
au viwili, kimoja kimejificha.
Naichota damu, naizungusha hadi itengane,
maji yake ya manjano nayagandisha
nyuzi themanini chini ya sifuri,
kisha nasema, kwa sauti ya semina, ovari haidanganyi.
Kumbe fomu yangu ndiyo iliyodanganya:
wanawake thelathini na mmoja, wote "hajui".

Jumamosi nikapanda Mbokomu kwa bodaboda.
Daftari la zamu za maji analo Aminieli,
kijana mwenye jezi ya mpira na kaunta buku iliyovimba kwa unyevu:
kila kaya na usiku wake, toka masika ya mwaka juzi,
faini za walioziba, ugomvi wa walioiba.
"Utafiti wa maji?" akauliza.
"Karibu sawa," nikasema.
Tukanakili hadi mwanga ukatuishia.

Nyumbani nikaweka usiku wa zamu juu ya maneno yao
na safu ikaanza kupumua.
Huyu siku ishirini na nane, kama kengele ya kanisa.
Huyu thelathini na tano, arobaini, thelathini na tano.
Aikande: zamu mbili, kisha zamu nne kimya,
kisha moja, kisha kimya
tangu kahawa ilipochumwa hadi ilipouzwa.
Ana miaka thelathini na mitatu. Ovari zake
zinafunga duka saa saba mchana.
Mama mkwe, mwaka wa sita huu, anasema shamba ni jiwe.
(Safu ya mume iko tupu. Yeye, alisema, haumwi.)

Alhamisi, saa nane usiku, umeme ukakatika.
Nikatoka Rau na kanga juu ya nguo ya kulalia.
Kileo mlinzi alikuwa ameshainamia jenereta,
anavuta kamba, anaitukana kwa Kivunjo safi.
Friza inapanda: sabini na nne. Sabini na moja.
Mirija mia mbili na kumi na miwili mle ndani,
na mmoja hauna kijiji.
Namba themanini na nane. Mkono wa kushoto.
Nilijichoma mwenyewe mwezi wa tano,
"kwa ajili ya kulinganisha," niliandika.
Miaka thelathini na tisa.
Kileo akavuta mara ya saba. Ikanguruma.

Majibu: sifuri nukta tatu.
Nikarudia. Nukta tatu.
Mara ya tatu nikamwachia Mkunde asome
bila kumwambia ni ya nani.
"Huyu aharakishe," akasema, akageuza ukurasa.

Aikande alipokuja nilimchorea kwenye karatasi,
nikamwambia si laana wala si jiwe,
na mumeo naye atakuja kupimwa, nitampigia mimi.
Hakulia. Aliuliza kama mdogo wake apime mapema.
Kisha akachukua kalamu yangu, akaigeuzageuza.
"Na wewe, daktari? Mgeni wako alikuja lini?"

Nikafungua mdomo nitoe siku, mwezi, mwaka.
Nikasema: usiku ule umeme ulipokatika.